Je, Mpiga Picha wa Harusi Anahitaji Lenzi ya f/1.2?

Swali: Assalaamu alaykum mwalimu, na shikamoo. Mimi ni mpiga picha wa harusi za wanawake hapa Wete, Pemba. Ninatumia kamera ya Canon ya APS-C (yenye kihisi kidogo cha picha) isiyo na kioo cha ndani, pamoja na lenzi iliyokuja nayo ya milimita 18-45 na nyingine ya milimita 50 yenye f/1.8. Nimeweka akiba kwa misimu miwili na nataka kununua ya milimita 50 yenye f/1.2. Kumbi zetu zina kiza, wateja wanataka nyuma ya bi harusi pawe na ukungu kama wanaouona kwenye simu zao, na mwenzangu mmoja wa Unguja ameniambia kuwa bila ya f/1.2 nitabaki kuwa mpiga picha wa mtaani. Je, niinunue?

Jibu: Waalaykumu salaam warahmatullah, mwanangu, na marahaba. Usiinunue, angalau si mwaka huu na si kwa kamera uliyonayo. Jibu fupi kama hilo halitakufaa utakapokaa tena na huyo mwenzako, kwa hiyo nivumilie nikueleze kwa urefu, nikianza na kiza cha ukumbi, maana hiyo ndiyo hoja yako yenye nguvu zaidi.

Namba ya f haipimi ubora wa lenzi wala daraja la anayeishika. Ni urefu wa fokasi wa lenzi (ile namba ya milimita) uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu linalopitisha mwanga, basi; kwa hiyo namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 ina tundu la takriban milimita 28, na ya f/1.2 ina tundu la takriban milimita 42. Kwa kuwa mwanga hupita katika eneo lote la tundu, milimita hizo 14 za ziada huongeza mwanga hadi kuwa mara 2 na robo ya ule wa f/1.8, ambayo kwa lugha yetu ya kazini ni stopu moja na kidogo (stopu moja ni mwanga kuwa mara mbili). Hiyo ni faida ya kweli na sitaki kuidharau. Lakini ipime na faida nyingine ambayo tayari unayo mkobani. Lenzi yako ya 18-45 ukiivuta hadi mwisho haifunguki kupita f/6.3, na kutoka hapo hadi f/1.8 mwanga huongezeka kwa zaidi ya mara 12. Safari ndefu umekwisha kuimaliza kwa lenzi ndogo ya gramu 160. Kilichobaki ni hatua za kutoka ukumbini hadi barazani.

Tuitie hesabu hiyo ndani ya ukumbi. Chukua ukumbi wa kawaida wa usiku, wenye taa za darini na mapambo jukwaani, ambamo lenzi ya 18-45 inakulazimisha kupanda hadi ISO 12,800 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera au filamu kuupokea mwanga) ukiwa kwenye shata ya 1/125, yaani mwanga ukiingia kwa sehemu moja ya 125 ya sekunde. Kwa lenzi ya f/1.8, picha hiyo hiyo yenye mwangaza ule ule utaipata kwa ISO 1,000 hivi. Kwa ya f/1.2 utaipata kwa ISO 460 hivi. Kina mama wakianza kucheza na ukapandisha shata hadi 1/250, zidisha namba hizo kwa mbili: 2,000 hivi kwa moja na 920 hivi kwa nyingine. Kihisi cha kamera ya leo, yaani kipande kinachopokea mwanga mahali pa filamu, hata kile kidogo, hakikupi chenga (vidoa vinavyochafua picha) za kutisha katika namba hizo, na mteja atakayeitazama picha kwenye simu au kwenye albamu hatakwambia ipi ni ipi. Chenga ulizokuwa ukizikimbia zilikuwa zile za 12,800, na aliyezifukuza ni lenzi ambayo Canon iliitoa mwaka 2020 kwa dola 199 za Marekani. Ile ya f/1.2, iliyotoka mwaka 2018, ilitangazwa kwa dola 2,299. Hizo ni bei za huko Marekani wakati zinatoka, na hapa kwetu utaongeza usafiri na mengineyo. Lakini uwiano ndio huo, zaidi ya mara 11 ya bei kwa mwanga usiofika mara 2 na nusu.

Usije ukadhani kwamba mwenzako amezua. Imani hiyo ina asili yake, nami niliishi nayo. Wakati wa filamu, ukishatia mkanda wa ISO 400 au 800 umefungwa nao mpaka uishe, na filamu ya rangi ya kasi zaidi ya hapo ilikuwa na chembe nzito kiasi cha kumchukiza bi harusi mwenyewe. Lenzi yenye tundu pana ndiyo iliyokuwa njia pekee ya kuongeza mwanga bila ya flashi. Isitoshe, tulikuwa tunatafuta fokasi kwa jicho letu kupitia kioo cha ndani ya kamera, na picha unayoiona katika kioo kile inakuwa nyangavu kwa kadiri tundu la lenzi lilivyo pana. Wengi wetu tulinunua f/1.4 ili tuweze kuona, kabla hata hatujafikiria kupiga. Kamera yako inakuonesha picha kwenye kiwambo kidogo cha umeme ambacho chenyewe hujiongezea mwangaza, na fokasi inatafutwa na programu inayotambua jicho. Sababu hiyo ya pili imekufa kabisa, na ya kwanza imebaki nusu.

Mimi mwenyewe niliinunua lenzi yangu ya milimita 85 yenye f/1.2 kwa ajili ya kiza ambacho vijana wa sasa hawakijui. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa cha Unguja kilikaa bila ya umeme kutokana na hitilafu katika njia inayouleta kutoka Tanzania Bara kwa waya wa chini ya bahari, na harusi hazikungoja waya utengenezwe. Tulipiga picha kwa jenereta zilizozimika katikati ya nyimbo, kwa karabai, na katika nyumba nyingine kwa mishumaa iliyopangwa kwenye sinia. Kamera niliyokuwa nayo ilichafuka vibaya ikifika ISO 1,600. Katika hali ile, stopu moja ilikuwa ndiyo tofauti baina ya picha na kiwiliwili cheusi. Ningekuwa ninakujibu mwaka ule, huenda ningekuambia uza kidani uinunue.

Sasa tuingie kwenye ukungu wa nyuma, ambao nahisi ndio hasa unaokuvuta, ijapokuwa umeuandika wa pili.

Ukungu ule unatokana na kina cha fokasi, yaani ule mkato wa mbele na nyuma ambao vitu vilivyomo ndani yake huonekana vikali na vilivyo nje yake huanza kulainika. Kwa kamera yako na lenzi ya milimita 50, bi harusi akiwa mita 2 mbele yako, f/1.8 inakupa kina cha sentimita 11 hivi, na f/1.2 inakupa sentimita 7 hivi. Utaona kwamba hata hiyo 11 ni nyembamba: uso mzima unaingia, mabega yanaanza kutoka. Na hapa kuna jambo ambalo muuzaji hatakuambia. Kihisi chako ni kidogo, kwa hiyo lenzi ya milimita 50 inaona pembe ile ile ambayo lenzi ya milimita 80 ingeiona kwenye kamera yenye kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24, na ukungu wa f/1.2 yako unalingana na ule wa f/1.9 ya kamera hiyo kubwa. Maana yake ni kwamba mpiga picha mwingine akiwa na kihisi kikubwa, akatia lenzi ya kawaida kabisa ya milimita 85 yenye f/1.8, anatoa picha ambayo wewe utaitafuta kwa dola elfu mbili na zaidi. Ikiwa ukungu ndio haja yako, fedha ziende kwenye kamera kwanza.

Halafu upana wa tundu ni kimoja tu kati ya vinavyoleta ukungu. Vingine ni urefu wa lenzi, ukaribu wako na unayempiga, na umbali wa kilicho nyuma yake. Hicho cha mwisho hakina bei. Kumbi zetu zina desturi ya kumkalisha bi harusi kwenye kiti kilichogandana na pazia la mapambo, na akikaa hapo hata f/1.2 haitaliondoa pazia, maana liko umbali wa kiganja kutoka kisogoni kwake. Mwombe asimame, umlete mbele hatua nne, umgeuze kidogo ili nyuma yake iwe ni urefu wa ukumbi wenye taa zake za mbali, kisha umpige kwa f/1.8 hiyo hiyo. Taa zile zitageuka kuwa miduara laini ya mwanga, na watakuuliza umenunua lenzi gani. Ukungu wa simu ambao wateja wanaupenda, kwa taarifa yako, hautokani na tundu lolote. Simu inakadiria umbali wa kila kitu na programu ndiyo inayopaka ukungu baada ya picha kupigwa, ndiyo maana mara nyingine inafuta ncha ya ushungi au inaacha kipande cha pazia kikali katikati ya nywele.

Ukungu mwingi nao una hasara, na hili nalisema kwa aibu yangu mwenyewe. Miaka mingi nyuma nilimpiga bi harusi mmoja hapa mjini, siku ya kupambwa, amekaa kitako juu ya mkeka, mikono yote miwili imepambwa kwa hina na piko hadi kwenye viwiko, kazi ya usiku mzima. Akainua mikono akaiweka mbele ya kidevu ili maua yaonekane pamoja na uso. Nilikuwa na ile 85 yangu, nimefungua f/1.2, niko mita moja na nusu kutoka kwake. Kwa umbali huo kina cha fokasi ni sentimita 2. Vidole vilitoka vikali hadi mistari ya kucha, na macho, yaliyokuwa nyuma ya vidole kwa urefu wa kiganja, yalitoka kama ya mtu aliyelia. Katika picha nyingine macho yalikuwa makali na hina, ambayo ndiyo sababu ya picha yenyewe, ikawa doa la kahawia. Sikuwa na hata moja yenye vyote viwili. Kwenye kiwambo kidogo cha kamera zote zilipendeza, nikagundua nyumbani. Ningefunga hadi f/5.6 na kuongeza taa, kusingekuwa na kisa cha kukuhadithia. Hina hairudiwi kwa ajili ya mpiga picha.

Fikiria pia kanga. Kila mwanamke wa hapa anajua kwamba kanga ina pindo, mji na jina, na kwamba jina ndilo linalosema. Shangazi wa bi harusi amechagua kanga yake kwa makusudi, pengine ana ujumbe kwa mtu aliyekaa upande wa pili wa ukumbi. Ukimpiga kutoka pembeni kwa tundu lililo wazi kabisa, uso utakuwa mkali na jina halisomeki, na umempokonya neno lake. Mama aliyelipia maua, vitambaa na taa za jukwaa naye hataki vyote vigeuzwe maziwa. Picha za zamani za studio zetu, kuanzia zile za Gomes za karne ya 19 hadi za Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, zinapendwa hadi leo kwa sababu unamwona mtu pamoja na kiti chake, meza yake na nguo yake hadi mshono. Sisemi kwamba upige kama wao. Nasema kwamba katika harusi ya Kizanzibari nyuma ya mtu aghalabu pana habari, na mwenye kuifuta awe na sababu.

Kuna shida ya nafasi, ambayo watu wanaoandika juu ya lenzi kutoka nchi za mbali hawaikabili kama sisi. Ili umpige bi harusi mzima, kutoka taji hadi pindo la gauni, kwa milimita 50 kwenye kihisi chako, unahitaji kurudi nyuma karibu mita 5. Ukija kupiga katika nyumba za Mji Mkongwe, utakuta vyumba virefu lakini vyembamba, kwa sababu dari zake zimebebwa na boriti za mikoko na upana wa chumba hauwezi kupita urefu wa boriti, ambao ni kama mita 3. Huko Wete nyumba ni za namna nyingine, lakini chumba cha bi harusi kikishaingia makungwi, masanduku na shangazi watatu, huwa ni kile kile. Mahali pa kusimama ukiwa na milimita 50 hapapo, iwe f/1.8 au f/1.2. Kwa milimita 24 utahitaji mita 2 na nusu tu. Ndiyo maana katika orodha yangu, pengo lako kubwa liko upande wa upana wa pembe, na upana wa tundu unangoja zamu yake. Canon inayo lenzi ya milimita 24 yenye f/1.8, ya mwaka 2022, na ya milimita 35 yenye f/1.8, ya mwaka 2018. Zote mbili zinazuia mtikisiko wa mkono na zinasogea karibu vya kutosha kupiga pete na maua ya hina. Kumbuka tu kwamba kuzuia mtikisiko kunautuliza mkono wako. Anayecheza msondo mbele yako hatulii, na dawa yake ni kasi ya shata.

Na mchana? Wateja wengi sasa wanataka picha za ufukweni siku ya pili. Kwa kanuni ya zamani, jua kali linahitaji f/16 kwa shata ya 1/100 ukiwa na ISO 100. Fungua hadi f/1.2 na hesabu inakupeleka kwenye 1/17,800 hivi, na mchanga mweupe wa pwani zetu unaweza kudai kasi kubwa zaidi ya hiyo. Shata ya kawaida katika kamera nyingi inaishia 1/4000, na zile za bei kubwa 1/8000. Kwa hiyo ama ununue kichujio cheusi cha kupunguza mwanga, yaani ulipie tundu kisha ulipie kulifunika, ama utumie shata ya umeme, ambayo kamera nyingi haziruhusu kuitumia pamoja na flashi, na ambayo ukiisahau usiku chini ya taa za LED za ukumbi itakuachia mistari ya kiza na nuru kwenye gauni jeupe. Hapo lenzi ya f/1.2 inapigwa kwa f/4 kama lenzi nyingine yoyote, isipokuwa ina gramu 950 shingoni mwako kuanzia saa nane hadi magharibi.

Nisiwe mwenye kuegemea upande mmoja. Lenzi hizo hazikutiwa bei kwa hila. Ile ndogo ya f/1.8 ina vipande 6 vya kioo, na ile ya f/1.2 ina 15, kwa sababu kadiri tundu linavyopanuka ndivyo miale ya pembeni inavyokataa kukutana mahali pamoja, na kila kosa linahitaji kioo kingine cha kulisahihisha. Utalikuta kosa hilo katika lenzi yako ukipiga shela lenye vito vinavyometa: kwenye f/1.8 kingo za vito zinapata rangi ya zambarau mbele na kijani nyuma, na kona za picha zinafifia. Lenzi ya f/1.2 iliyotengenezwa kwa uangalifu, ikifungwa hadi f/2, huwa safi kuliko ile ndogo ikiwa f/2. Imefungwa vizuri zaidi dhidi ya vumbi na unyevu pia, na kwa hewa yetu ya chumvi hilo si jambo dogo. Ninayo yangu hadi leo na ninaipenda, ijapokuwa nikitazama kumbukumbu za picha zangu nakuta nyingi nimezipiga f/2 au zaidi. Ni anasa yenye kazi nzuri, kama kanzu ya hariri: huivai kwa ajili ya kujisitiri.

Wapo ambao kazi yao inaidai. Mwenye kupiga taarabu ya jukwaani, ambako flashi hairuhusiwi na mwimbaji amesimama peke yake katika taa moja, atafaidika na stopu ile. Mwenye kupiga nyota kutoka pwani za Pemba zenye kiza atafaidika zaidi ya wote, kwani nyota hazisubiri: kwa milimita 24 kwenye kihisi kikubwa una sekunde 20 hivi kabla hazijaanza kuacha michirizi, na hakuna taa ya kuziongezea, kwa hiyo f/1.4 dhidi ya f/2.8 ni mwanga mara 4. Huyo naye atanunua lenzi ya pembe pana, wala hataigusa hiyo 50. Anayepiga maulidi ya homu kwa kusimama kwenye ncha ya safu, kinyume chake, ataiona f/1.2 haina maana kabisa, maana anataka mtu wa kwanza hadi wa kumi waonekane wakiinama pamoja.

Kwa kazi yako, kitakachobadilisha picha kuliko lenzi yoyote ni mwanga unaoubeba mwenyewe. Nunua flashi moja nzuri inayozunguka kichwa. Usiielekeze usoni, igeuze kwenye dari nyeupe, au kwenye vitambaa vyeupe vya mapambo vilivyo pembeni, uwache mwanga urudi umelainika. Tahadhari na vitambaa vya rangi, kwani pazia la kijani litampaka bi harusi kijani na hakuna programu itakayomrudishia uso wake vizuri. Ukiwa kwenye ISO 1,600 na f/4, flashi hiyo itafanya kazi kwa nguvu ndogo, betri zitadumu, na taa za ukumbi zenyewe zitabaki kuonekana nyuma. Hapo unapata kina cha kutosha kwa bi harusi na mama yake waliosimama bega kwa bega. Kwa picha za ukoo wenye safu mbili au tatu, funga hadi f/5.6 na usiogope.

Programu ya kutambua jicho nayo uijue tabia yake. Bi harusi aliyepakwa wanja na kubandikwa kope ndefu, nyuma ya shela lenye nakshi, anaidanganya kamera mara nyingi: inashika kope au inashika shela lenyewe. Kwenye f/2.8 hutaona kosa hilo. Kwenye f/1.2, tena kwa karibu, utaliona katika picha moja ya kila chache, na hutajua ni ipi mpaka umefika nyumbani. Nami nimekwisha kukuhadithia yangu.

Kuhusu maneno ya mwenzako juu ya mpiga picha wa mtaani, sina mengi. Kina mama wa Wete wanakuita kwa sababu wanakuamini kuingia katika ukumbi ambao mwanamume haingii, na kwa sababu picha zao hazionekani mahali wasipozitaka. Hakuna aliyewahi kuniuliza namba iliyoandikwa kwenye lenzi yangu, isipokuwa wapiga picha.

Kabla hujatumia hata shilingi, fanya kazi hii ya jioni moja. Fungua picha za harusi zako tano za mwisho kwenye kompyuta, uchague zile tu ulizowakabidhi wateja, kisha usome taarifa zilizohifadhiwa ndani ya kila moja: urefu wa lenzi, namba ya f, shata na ISO. Hesabu ni ngapi umezipiga kwa f/1.8 kamili na bado ISO imepita 6,400. Hizo ndizo picha ambazo f/1.2 ingezisaidia. Hesabu pia ni ngapi umezipiga kwa 18-45 ukiwa umerudi hadi kwenye ukuta, na ni ngapi ungetamani kupiga ukakosa pa kusimama. Nadhani utakuta hesabu ya pili ni kubwa mara nyingi, lakini usiniamini mimi, ziamini picha zako. Ikitoka kinyume na nilivyosema, niandikie tena na nitakuwa tayari kurudi nyuma.

Ikitoka kama nilivyosema, basi flashi iwe ya kwanza, pamoja na betri za akiba. Ya pili iwe lenzi ya milimita 24 au 35 yenye f/1.8; kwa vyumba unavyofanyia kazi mimi ningechukua 24. Fedha itakayobaki, ambayo itakuwa nyingi, iweke mpaka ufikie kamera ya kihisi kikubwa, na hapo utafute lenzi ya milimita 85 yenye f/1.8 au f/2. Ile 50 yako usiiuze. Lenzi zote zihifadhi kwenye sanduku linalofunga vizuri, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, unavyovikausha mara kwa mara, kwa sababu kuvu wa pwani wanakula kioo cha dola 199 na cha dola 2,299 kwa hamu ile ile.

Na ukivuka kuja Unguja msimu ujao, pita kwangu uichukue ile 85 ya f/1.2 ukaitumie katika harusi moja nzima. Inafungwa kwenye kamera yako kwa kiungo ambacho nitakupa pamoja nayo. Upige nusu ya usiku kwa f/1.2 na nusu kwa f/2, kisha uniletee zote mbili tuzitazame pamoja kwenye kiwambo kikubwa.